Kufuli Moja kwa Watu Wawili

...na zamu ni yake, hilo analijua, karata saba mkononi na hakuna hata moja inayomwambia kitu, Umeme ameshatupa shupaza yake na kuegemea kiti cha barazani kama mtu aliyeshiba, shemeji ameshachomoa karata atakayoicheza na anangoja tu, na yeye, Miwani, anakodolea macho kopa na uru kama mtu aliyepewa barua ya lugha asiyoijua, kwa sababu huko jikoni Mama Stoo anakwangua sufuria, maziwa yameungua, krr, krr, chuma juu ya chuma, na nani alimtuma mwanamke yule akwangue sufuria siku ya mapumziko, si angeiloweka tu, krr... angalia ziwa, anajiambia, angalia hayo maji, watu wameacha kazi zao siku nne nzima kuja kuyaangalia, nyumba ya kukodi, vyumba vinne na bustani, Jumamosi saa nne asubuhi, chai bado ya moto, hakuna king'ora cha zamu, hakuna harufu ya magadi, sasa kwa nini pua yake inanusa magadi, anakinusa kiganja chake cha kulia kwa siri, anajifanya anakuna mdomo, sabuni, miaka saba imepita na kiganja bado kinanuka kiwanda cha sabuni, au ni sabuni ya bafuni, bila shaka ni ya bafuni, kila nyumba ina sabuni, punguza wazimu, mzee. Shemeji anasema jambo kuhusu usingizi, kwamba jana amelala mpaka kumekucha bila kushtuka, mara ya kwanza tangu mwenzangu aondoke, anasema, kwa wepesi kabisa, na Umeme anatazama ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimezama humo, na yeye Miwani anatabasamu, ndiyo, anatabasamu, uso wake umeshajifunza kazi hiyo, hauhitaji tena kutumwa, na anasema hewa ya hapa ni nzuri, shemeji, hewa ya hapa ni dawa, maneno ya mtu anayeuza viwanja, na shemeji anacheka, ana kicheko kizuri, kicheko cha mtu asiyejua anakaa meza moja na nani.

Walikuwa wanne pale kiwandani, wanne kama vidole vya mkono uliokatwa gumba, Mrefu alipenda kusema hivyo, Mrefu mume wa shemeji huyuhuyu, ambaye jina lake la kuzaliwa wengi walilisikia mara ya kwanza siku ya mazishi, Mrefu na Miwani wa kuchanganya sabuni, Umeme fundi wa swichi na nyaya, na Mama Stoo aliyekaa nyuma ya dirisha la wavu akitoa vifaa kwa sahihi na matusi, na shemeji akiwaletea chakula Ijumaa na kuwaita watoto wangu wakubwa, na sasa ndiye aliyesema mwaka huu sikukuu hii tusikae kila mtu na kuta zake, ninyi ndio ndugu mlionibakia, akatafuta nyumba, akapiga simu, akagawa vyumba, na barazani hapa wakakuta viti vitano, hakuna aliyeviomba vitano, vilikuja na nyumba, na tangu jana watu wanne wanakizunguka kile cha tano kama shimo, hakuna anayekikalia, hakuna anayekitoa, Mrefu angenyoosha miguu yake juu yake zamani, ile miguu mirefu ya kuziba baraza zima, angesema Miwani, cheza bwana, unahesabu nyota mchana... krr, krr, na ndiyo sauti hiyohiyo, usiniambie sivyo, mtu akiwa ndani ya pipa la kuchanganyia na kwangulio lake, anaondoa sabuni iliyogandia, ukisimama nje unasikia hivyo hivyo, krr, halafu kimya, halafu krr, na ile krr ndiyo inayokuambia kwamba mtu yumo. Nayo sheria ilikuwa moja tu, hata mjinga aliijua, kabla hujaingia kwenye pipa unazima swichi kuu ukutani na kuifunga kwa kufuli lako, lako wewe mwenyewe, wawili wakiingia yaning'inie mawili, watatu matatu, na kufuli la mtu halifunguliwi na mtu mwingine, awe msimamizi, awe mwenye kiwanda, kwa sababu kufuli likiwa ukutani maana yake roho imo ndani, na ufunguo unao wewe shingoni, hakuna mwingine duniani anayeweza kuwasha mashine mpaka utoke kwa miguu yako. Kila mtu na ufunguo wake. Kila mtu isipokuwa wao.

Kwa sababu yeye Miwani alikuwa mpotezaji, hilo ndilo jambo, alipoteza funguo kama mti unavyopoteza majani, mara mbili walilazimika kuleta mkasi wa chuma wakakata kufuli lake huku zamu nzima imesimama inamzomea, na msimamizi akaapa kwamba mara ya tatu ni barua ya kufukuzwa, na Mrefu, ambaye hakuwahi kupoteza hata kifungo cha shati, Mrefu akaenda dirishani kwa Mama Stoo akabembeleza weee mpaka akapewa pakiti ya makufuli mekundu, yale ya kuuzwa pamoja, ufunguo wa moja unafungua yote, akampa mwenzake na kubaki na la kwake, sasa ukipoteza wako, mimi ninao, alisema, hutaniaibisha tena, na Mama Stoo akagonga muhuri bila kuuliza, na walicheka, walijiona wajanja, na nani angefikiri, wema wenyewe ulikuwa umeshafumwa na sanda ndani yake. Karata zinaloa jasho. Umeme anamwuliza kama amelala na yeye anasema anafikiria, na Umeme anasema fikiria tu, ndugu yangu, mashine nzee hupashwa moto kwanza, na mzaha huo unaanguka mezani na kubaki hapo, mashine, kati ya maneno yote, na Umeme mwenyewe anajua, anapangusa mdomo, Umeme ambaye siku hizi anatengeneza redio nyumbani kwake na hawashi taa, fundi umeme asiyewasha taa, jana magharibi alisimama mlangoni gizani mpaka Mama Stoo alipopita akabonyeza yeye, kwa sababu wote wanajua ni kidole cha nani kilichobonyeza siku ile, wanajua na walimwambia mara mia, kufuli halikuwepo, Umeme, ulitazama ukutani hapana kufuli, hukukosea, sheria haikugusi, na aliyemwambia kwa mkazo kuliko wote, aliyemshika mabega makaburini na kumwambia, ni yeye Miwani, Mungu wangu, kwa kiganja hikihiki.

Asubuhi ile alikuwa amesahau kufuli lake nyumbani, ndivyo ilivyoanza, kidogo namna hiyo, amelisahau juu ya meza, na ufunguo anao shingoni lakini kufuli hana, na Mrefu akasema shauri yako, halafu akasema basi moja linatosha, si funguo ni zilezile, akatundika la kwake, jekundu, kufuli moja kwa watu wawili, wakaingia pipani, wakakwangua mpaka mikono ikafa ganzi, na karibu na king'ora cha zamu Mrefu akasema tangulia wewe, Miwani, mimi namalizia hapa chini, na akatangulia, akapanda ngazi, akatoka, akavua glavu, na mkono... aliutuma nani mkono ule, hakuuwaza, miaka mitano kila akitoka pipani mkono ulikwenda ukutani, ukachukua kufuli jekundu, ukalifungua, ukalitia mfukoni, kama unavyozima taa ukitoka chumbani, mkono ulifanya kazi yake vizuri kabisa, na yeye akaenda bombani kunawa huku akiwaza viatu vya mwanawe, viatu, na maji yalikuwa yanamwagika kwa nguvu hata hakusikia kama kule ndani bado kunakwanguliwa, na zamu mpya ikaingia, na Umeme, aliyekuwa amekuja kujaribu injini baada ya kuitengeneza, akatazama swichi, akaona ukuta mtupu... na yeye bombani akatia mkono mfukoni kutafuta kitambaa. Kufuli lilikuwa bado na joto. Halafu likaja lile la kuulizwa, wanaume watatu na meza, na faili, je, marehemu alitundika kufuli lake, na yeye akasema sikumbuki kuona kufuli, maneno matatu tu, hata si uongo kamili, nusu uongo, robo, aliyapima kabla hayajatoka, na wao wakaandika kwamba marehemu alisahau kutundika, Mrefu, Mrefu asiyepoteza kifungo, akaandikwa msahaulifu na muhuri ukagongwa, na tangu hapo Mrefu anamjia wakati wowote autakao, mchana kweupe, hasemi kitu cha kulaumu, anauliza tu kwa upole wake ule, Miwani, kufuli langu unalo, na analo, lipo nyumbani ndani ya soksi chini ya vifaa, kila mwaka analitia mafuta lisishike kutu, na hajui kwa nini, mtu gani anatunza hivyo kitu anachotamani kiyeyuke.

Lakini kusema kungemsaidia nani, amejiuliza na kujijibu vizuri siku zote, maji yakimwagika hayazoleki, Mrefu hafufuki, shemeji amezoea, Umeme amezoea, unawaamshia watu msiba uliolala ili wewe upate usingizi, huo ni uroho, jibu zuri, limemvusha miaka saba, na sasa shemeji anasema mwanangu kapata kazi na yeye anasikia kwa nusu sikio, anasema ahaa, hongera, na shemeji anasema anaanza Jumanne, sikukuu ikiisha tu, mafunzo ya mashine, kiwanda cha rangi, na sikio la pili linafunguka. Binti yule. Alikuwa na sare ya shule ya msingi pale makaburini. Shemeji anaweka karata yake chini, kifudifudi, na kuilainisha kwa kidole, na wepesi umemtoka sautini.

"Nimemwambia jambo moja tu," anasema. "Usiwe kama baba yako. Nimemwambia, baba yako alituacha kwa kusahau kitu cha nusu dakika. Mimi hata kaburini kwake siendi, mnajua? Nikifika pale nakasirika. Namwuliza, ulikuwa unawaza nini?"

Na Umeme anasema pole, dada, kwa sauti iliyokauka, na yeye Miwani hakujua, miaka saba ya kupeleka unga na kuchangia ada na kukaa kwenye kochi lile, hakujua kwamba haendi, alidhani anaomboleza kama wajane wengine, kumbe hakumwachia hata hilo, kumbe amemwibia mume mara mbili, ya kwanza kwa mkono na ya pili kwa maneno matatu, na msiba haukulala kamwe, ni yeye tu aliyekuwa amefumba macho, kila usiku mwanamke huyu analala kitanda kimoja na hasira juu ya mtu aliyefanya kila kitu sawasawa, na mtoto amefundishwa kumwonea baba yake aibu, atasimama Jumanne mbele ya swichi na kumdharau, na Umeme kwenye giza lake, akiamini ukuta ulikuwa mtupu kwa sababu marehemu alikuwa mzembe... na shemeji ameshachukua simu, anabonyeza, anasema na wewe ndiye uliyekuwa na baba yake siku ile, shemeji yangu, mimi ananiona nalalamika tu, ila wewe atakusikiliza, wewe ni baba yake mdogo, mweleze kwa kinywa chako kusahau kunafanya nini.

"Nimeweka sauti kubwa," anasema, "tusikie wote."

Anaiweka simu mezani katikati ya karata, mbele yake, na inaita. Mama Stoo ametoka jikoni na sufuria yake mkononi, amesimama mlangoni asikilize, Umeme ameinamia mbele, maji ya ziwa yapo palepale, chai inatoa mvuke, zamu bado ni yake na hajaicheza, na inaita, na koo lake linatafuta yale maneno ya siku zote, hewa nzuri, kazi ya Mungu, kuwa mwangalifu mwanangu, na hayaoni, yamekwisha, mahali yalipokuwa kuna sentensi moja tu, baba yako alilitundika, mimi ndiye niliyelitoa, fupi hivyo, miaka saba aliidhani ni ndefu, na anajua kwamba ikishatoka hakutakuwa na chai hii wala dada wala ndugu waliobakia, Umeme huenda akamshika shingo, au akalia, shemeji atainuka aende zake ndani kufungasha, na ana haki, na anaogopa, lakini si woga ule wa zamani, huu unatazama upande mwingine, kwa sababu simu inaita mara ya nne, ya tano, shemeji anasema labda yuko bafuni, anapeleka kidole akate, na yeye Miwani anajikuta ameufunika mkono wa shemeji kwa kiganja chake, anasema iache iite, iache kidogo, pokea, mwanangu, pokea, nakuomba.