Masazo wa Mwisho

Katika ukoo wa seremala yule hapakuwa na mtu, mkubwa kwa mdogo, asiyeijua kanuni: mtoto azaliwaye nyuma ya makaburi mawili ya nduguze huitwa Masazo; na mzazi alikataaye jina hilo, mtoto akifa, haketi kwenye mkeka wa waombolezaji wala halii mpaka mgeni wa mwisho ameaga.

Jina lilianza mwaka wa ndui. Bibi mzaa babu alizika watoto wake wote isipokuwa mmoja, akamtazama huyo mmoja, akasema kifo kimekula kikashiba, na hiki ndicho kilichosazwa. Halikuwa jina la majivuno. Hata hivyo lilienea. Enzi za babu, ukiita Masazo kisimani waligeuka watu watatu, kila mmoja na ndoo yake kichwani. Kisha zikaja chanjo, watoto wakakua, na jina likapukutika. Wengi waliokuwa nalo walilibadili walipoingia shule, kwa kuwa kulitaja kulikuwa ni kutangaza makaburi ya nyumbani kwao. Alibaki nalo mmoja tu: shangazi yake seremala, mwanamke mkavu asiyecheka ovyo.

Seremala na mkewe, fundi cherehani, walikuwa wamezika wawili. Wa tatu alipozaliwa, msichana, shangazi alifika, akaketi ukingoni mwa kitanda cha mzazi, akanyoosha mikono.

"Nileteeni Masazo wangu nimwone."

Mke alimvuta mumewe ukosi wa shati, akamnong'oneza, "Mwanangu si makombo ya mtu. Nimeshamchagulia jina la ua. Kama huwezi kumwambia, nitamwambia mwenyewe."

Seremala alimgeukia shangazi yake. Alijua kwamba mkewe akilikataa jina kwa kinywa chake mwenyewe, adhabu itamwangukia yeye. Na mwanamke aliyekwisha kuzika wawili, siku akinyimwa mkeka na machozi, atarukwa na akili.

"Shangazi," alisema, "jina hilo nimelikataa mimi."

"Wewe? Wewe uliyekuwa ukimkimbia jogoo wangu? Pembe hizo umeota lini?"

"Jana, Shangazi."

"Usinichekeshe, sina meno ya kuchekea. Mkeka unaujua?"

"Naujua."

"Haya. Mungu akukuzie." Akaishusha mikono yake mitupu, akaondoka bila kumpakata mtoto.

Mtoto alinawiri. Mama yake alimlaza ndani ya kapu la vitambaa karibu na cherehani, na kila baba yake alipopiga randa ng'ambo ya ukuta, yeye alirusharusha miguu. Seremala akapata moyo hata akapima mbao za kitanda kirefu, kitanda cha msichana wa kwenda shule, akazisimamisha pembeni mwa karakana zikauke.

Baridi ilipoingia, kifua kilimbana mtoto. Hospitalini daktari alieleza kwamba ni mapafu. Alifanya yote aliyoyaweza, wala hakuuliza jina lake lina maana gani. Mtoto alikata roho mchana, mama yake akiwa bado anamkunjia blanketi. Seremala alirudi karakanani, akazichukua zile mbao, akazikata fupi.

Nyumba ilijaa watu. Wanawake walimzunguka mama mtu mkekani, mmoja akimshika mgongo, mwingine mikono. Seremala alisimama uani, nje ya mlango, macho makavu.

"Huyu mbona kasimama kama mdai?" jirani mmoja aliuliza.

"Mwache, kichwa ngumu huyo," alijibiwa. "Aliona jina la wazee halimtoshi."

Mkewe alisikia. Aliinuka nusu, akafumbua kinywa. Seremala alimtazama kupitia mlangoni, akatikisa kichwa mara moja. Naye akaanguka tena mikononi mwa wanawake, akalia kwa sauti ambayo mumewe hakuwa na ruhusa ya kuijibu.

Kabla ya kwenda kuzika, shangazi alitoka akamsogelea.

"Mwanangu, wewe ni damu yangu. Jeneza halijafungwa. Mwite Masazo, mara moja tu, nisikie mimi na Mungu. Uje ukae na mkeo."

Seremala alitazama mlango. Hatua chache tu, naye angekuwa kando ya mkewe.

"Amesazwa nani, Shangazi?" alisema hatimaye. "Wote watatu wamekwenda. Kifo hakikutuachia kitu. Nikimwita hivyo nitakuwa nasema uongo mbele ya maiti."

Shangazi aligeuka kuelekea mlangoni. "Basi jina litazikwa pamoja nami."

"Heri lizikwe."

Shangazi hakumgombeza. Alirudi ndani polepole, akiushika ukuta.

Walizika. Walirudi, wakala, wakaosha vyombo, wakaaga mmoja mmoja. Seremala alirudi nao kutoka makaburini, akasimama tena palepale muda wote huo, wala hakulia. Jirani wa mwisho alipofunga lango, shangazi alikunja mkeka, akauegemeza ukutani.

"Umelipa," alimwambia. "Ingia. Sasa lia."

Aliingia. Mkewe alikuwa amelala ameuelekea ukuta, sauti imemkauka kabisa. Akaketi sakafuni kando ya kitanda, akangoja machozi yaje. Hayakuja. Alifumba macho, akayabana kwa vidole, akangoja tena. Shangazi alisimama mlangoni akimtazama, kisha akaja akaketi naye pale sakafuni.