Karatasi Ndani ya Bomba

Frednand Ndayisaba, fundi baiskeli wa Kasulo, hakuwa mwoga, ila jina lake, lililofanana na ya watu wa ng'ambo ya mpaka, lilikuwa baya kwa mwaka ule. Tangu wakimbizi wavuke mpaka kwa maelfu, sajini wa kizuizi cha polisi barabarani alimchezea nalo kama paka amchezeavyo panya.

"Ndayisaba? Mhangaza gani wewe? Fungua mdomo siku moja nikupakie kwenye lori, ukalale kambini na wenzako."

Baba na babu yake, Wahangaza wa hapo hapo, wamezikwa Kasulo, lakini makaburi hayatoi ushahidi. Frednand akafunga mdomo. Akaufunga hata polisi walipoanza kunyang'anya watu baiskeli pale kizuizini, ati ni za wizi. Zilichukuliwa, zisionekane tena. Shemeji yake Elick alipothubutu kuidai yake, akawekwa ndani yeye, eti ndiye mwizi. Bonifasia, mke wa Frednand, alimpelekea kaka yake chakula kila siku, na kila aliporudi alimpakulia mumewe bila kumkaribisha.

Wiki ya tatu, mwanamke mfupi alishuka kwenye lori la mahindi, kiatu kimoja kimefungwa kwa kamba, kamera shingoni. Ndiye Leonsia, mwandishi wa gazeti dogo la Mwanza. Asubuhi ile alikuwa amekwisha kufukuzwa kituo cha polisi mara mbili.

"Na sasa?" Frednand akamuuliza alipoketi kwenye karakana yake.

"Sasa nakunywa chai, halafu naenda kufukuzwa mara ya tatu."

Frednand akacheka. Hakuwa amecheka tangu Elick akamatwe.

"Kila mtu ananilalamikia, fundi," Leonsia akasema. "Lakini gazeti halichapi malalamiko. Nipe kitu cha kushika."

Ndipo Frednand akamwambia siri ya kazi yake. Kila baiskeli aliyoitengeneza, kabla ya kurudisha kiti, alisokomeza ndani ya bomba linaloshika kiti karatasi iliyofungwa nailoni: jina la mwenyewe, kijiji, tarehe. Rangi hubadilishwa. Ndani ya bomba hakuna anayechungulia.

Siku ya gulio wakaenda Nyamahanga, kuzitafuta zile zilizonyang'anywa. Mchuuzi mmoja, Ngeleja, alikuwa na baiskeli sita, zote rangi nyekundu mbichi. Frednand akaitambua ya Elick kwa kovu la kuchomelea. Leonsia akaipanda kama mnunuzi, miguu ikaning'inia.

"Mama, hii inataka mtu mwenye miguu," Ngeleja akamtania.

"Miguu ninayo. Kiti ndicho kirefu. Fundi wangu akishushe."

Frednand akalegeza nati, akachomoa kiti, akaipindua baiskeli na kuigonga. Karatasi ikadondoka. Leonsia akaisoma kwa sauti ya mnadani: "Elick, Kasulo!" Akapiga picha. Watu wakajaa. Ya pili ikatoa jina la mtu wa kijiji cha Bisibo.

Sajini alikuwa kwenye kibanda cha jirani akila nyama. Akaja, mdomo unameremeta mafuta, akapora kamera, akavuta filamu yote juani.

"Andika sasa!"

"Naandika," Leonsia akasema, na kweli alikuwa anaandika. Kalamu haikusimama. "Picha imekufa. Nataka mtu wa kushuhudia. Nani aliandika karatasi hizi?"

Aliuliza umati mzima, bila kumtupia Frednand hata jicho. Alikuwa amemwachia mlango wa kutokea, na hilo ndilo lililomfanya Frednand ashindwe kunyamaza.

"Mimi," akasema. "Mwandiko wangu."

"Ndayisaba!" sajini akafoka. "Lori lako hilo!"

"Lilete, afande. Mwandishi, andika jina lote. Frednand Ndayisaba, fundi, Kasulo."

Watu wakamzunguka, wakawasindikiza yeye na Leonsia mpaka barabarani. Sajini akabaki na kamera tupu.

Gazeti lilifika Kasulo baada ya siku kumi. Elick aliachiwa wiki hiyo hiyo, akarudi juu ya baiskeli yake, kwa rangi nyekundu asiyoipenda. Sajini hakufungwa, alihamishwa tu. Leonsia hakuwapo kushukuriwa: alikuwa Biharamulo, anafukuzwa kwenye ofisi nyingine.

Bonifasia alilisoma jina la mumewe gazetini, akarudia. Kisha akapakua.

"Karibu chakula, Ndayisaba," akasema.