Kinyozi Juu ya Bati

Mama Pindo alikuwa anapiga pasi kola ya joho la kwaya aliponusa kitambaa kinaungua. Akainua pasi upesi, akaangalia chini yake. Joho lilikuwa salama. Akaangalia jiko, akaangalia kapu la vipande, kisha akageukia mlangoni, na hapo akamwona mwanawe, kinyozi, amesimama kizingitini, shati lake linafuka moshi kwenye kiwiko. Walikuwa wamemzika wiki iliyotangulia.

"Vua hilo shati kabla halijafika begani," akamwambia.

Kinyozi akavua. Mama Pindo hakupiga kelele wala hakuita majirani. Mtoto akirudi nyumbani na nguo iliyoharibika, mama hushika sindano kwanza, maswali baadaye. Ndivyo alivyomlea, na ndivyo alivyompokea. Akakata sehemu iliyoungua, akachagua kapuni kipande cha zambarau kilichobaki kwenye majoho, akatia kiraka. Chai kinyozi aliikataa. Alisema kule hawasikii njaa, ni joto tu. Shati lilipokuwa tayari akalivaa, akashukuru, akaondoka kwa sababu saa zake za ruhusa zilikuwa zimekwisha. Kesho yake jioni akarudi na kola imeungua.

Habari zake mtaa mzima ulizijua. Kanisa lilimtenga kwa kosa la kunyoa watu Jumapili asubuhi, wenzake wakiwa ibadani. Siku aliyokamatwa, aliyekuwa kwenye kiti, shuka shingoni na povu mashavuni, alikuwa mzee mmoja wa kanisa aliyetaka kupunguzwa ndevu kabla ya kwenda kukusanya sadaka. Huyo hakutengwa. Alieleza kwamba yeye alikuwa mteja tu, na maelezo yake yakakubaliwa.

Kinyozi hakubisha. Akafunga duka Jumapili, akatubu, akapangiwa siku ya kurudishwa kundini. Kurudishwa kwenyewe si kazi. Mtu anasimama mbele, chini ya ngazi ya madhabahu, anaulizwa kama amejuta, anajibu amejuta, kisha mwenyekiti wa wazee anamshika mkono na kumwambia, "Tumekupokea." Birika halichemki kwa muda huo. Siku yake ilipofika kinyozi alisimama pale, kichwa kimechongwa vizuri, amevaa shati jipya ambalo mama yake alilishona kwa ajili hiyo. Bahati mbaya ilikuwa siku ya wageni. Kwaya zao zilikuwa nyingi na hakuna iliyokubali kuimba wimbo mmoja. Mwenyekiti akatazama saa, akamwinamia kinyozi, akamwambia kwa upole kwamba muda umebana, tuonane Jumapili ijayo.

Katikati ya wiki mashine ya kunyolea ikampiga umeme. Akafa ameshika kitana.

Kanisa halikumzika. Mwenyekiti mwenyewe, mtu mwenye duka la mabati na sauti isiyohitaji kipaza sauti, alikwenda kumweleza Mama Pindo, na machozi aliyokuwa nayo machoni yalikuwa ya kweli. Utaratibu ni utaratibu, alisema. Aliyekufa akiwa ametengwa hapigiwi kengele wala haendewi na mchungaji. Basi majirani wakamzika kinyozi wao, akiwa amevaa shati lile lile jipya.

Jioni zikafuatana. Mama Pindo akawa anafunga kazi mapema na kuweka kigoda karibu na cherehani. Tuseme ukweli, aliogopa. Jua likianza kushuka alikwenda mlangoni mara kwa mara, kwa sababu hakujua leo kitaungua nini. Fundi hupima, naye akajaribu kupima: je, moto unapungua au unazidi? Siku moja ilikuwa tundu la kupitisha kidole. Siku ya pili mkono mzima wa shati haupo. Kisha kifungo kimoja kimeyeyuka na kingine kizima. Hakuona mpango wowote, na hilo lilimtesa kuliko tundu lenyewe.

"Baba," akamuuliza mwanawe, "huo moto una mwisho?"

"Hawatuambii, Mama."

Ya Mungu mengi. Wakati huo huo kanisani palikuwa hapakaliki kwa swali hilo hilo. Mchungaji, kijana mpole aliyependa kuhubiri akiwa amefumba macho, alikuwa amesema madhabahuni kwamba mwisho wa yote Mungu hatampoteza mtu, kwamba hata moto wake ni moto wa baba na si wa adui. Mwenyekiti alikunja mikono kifuani toka amina ya kwanza mpaka ya mwisho. Alipopewa nafasi ya kusema alisema kwa kifupi: kama wote wataingia, mlango wa nini? Na sisi tunaoamka alfajiri kuja kufagia uwanja, tunaamkia nini? Waumini wakagawanyika. Mtu na mkewe walitoka ibadani kila mmoja kwa mlango wake. Bombani, mama mmoja alisema yeye yuko radhi waokolewe wote, isipokuwa mwenye nyumba wake, huyo Mungu amfikirie vizuri.

Mama Pindo hakuwa na upande kabla ya hapo. Sasa akamkamata Mchungaji, mfa maji haachi kutapatapa. Akaenda ofisini kwake, akamweleza habari za shati. Mchungaji alisikiliza mpaka mwisho, akamshika mikono yote miwili.

"Mama, hakuna atakayepotea," akasema. "Hata mmoja."

Alirudi nyumbani analia na kucheka njiani, watu wakampisha. Jioni akampa mwanawe habari hiyo hata kabla hajavua shati. Kinyozi akainamisha kichwa, akasikiliza kama alivyokuwa akisikiliza wateja wanaodai kupunguziwa kidogo tu pembeni.

"Mchungaji anasema kweli labda," akajibu. "Wengine huwa wanaitwa. Mlango unafunguliwa, mtu anatajwa, anatoka, hatumwoni tena. Mimi niliuliza zamu yangu. Wakasema mimi si wa hukumu, mimi ni wa kusubiri. Wanalisubiri kanisa letu."

"Kanisa letu lifanye nini?"

"Lile neno la pale mbele, Mama. Walisema mlichofunga nyinyi huku, wao hawakifungui."

Asubuhi Mama Pindo alifika kwa Mchungaji na ndara za rangi mbili tofauti. Neno moja tu, akamwambia, neno moja la mwenyekiti na mkono mmoja wa kushikwa. Mchungaji alifurahi sana, alisema kweli hili ni jambo la kumshukuru Mungu. Ila si jambo la mtu mmoja, lazima lipite kwenye baraza la wazee, na baraza kwa sasa lina lile suala kubwa. Akaahidi kulichomeka kwenye ajenda. Mama Pindo akaenda zake na hofu ile ile, sasa imeota miguu.

Baraza lilikaa Jumamosi mchana kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, viti vya plastiki vimepangwa kuzunguka meza, sakafu inanuka nta. Mama Pindo aliitwa akae karibu na dirisha. Hoja zilikuwa ndefu. Kila aliyesimama alianza kwa kusema hatasema mengi. Jua liliposhuka kinyozi akafika, maana mama yake alimwambia amfuate huko, akasimama mlangoni, akavua shati. Mama akalichukua, akalizima ukosi kwa vidole, akaliweka mezani.

Halikuwa tena shati alilozikwa nalo. Kiraka juu ya kiraka, kitambaa cha kwanza kilikuwa kimekwisha chote, likabaki shati la zambarau tupu, la vipande vya majoho ya kwaya, na pindo la chini lilikuwa bado linafuka. Wazee wakalipitisha mkono kwa mkono. Mwenyekiti alisema, mnaona wenyewe, bado linaungua, basi moto hauna mwisho. Mchungaji alisema, lakini mnaona pia kwamba jioni anakuja kwao, basi moto haujafungwa. Mzee yule wa ndevu, aliyekuwa mteja tu, aliuliza kama kitambaa cha kwaya kilitumika kwa idhini. Hilo lilichukua muda, likaamuliwa kwamba viraka vilivyokwisha kushonwa visamehewe.

 Hapo Mama Pindo akashindwa kuvumilia.

"Si mumuulize mwenyewe? Yuko hapo mlangoni."

Wazee wakageuka. Wakamwona kinyozi kifua wazi, anangoja shati lake. Wakamsalimia kwa kichwa, naye akaitikia vizuri, shikamoo wazee wangu.

"Mama Pindo," Mwenyekiti akasema, "aliyetengwa hana sauti kikaoni. Unalijua hilo, dada yangu."

"Basi mrudisheni apate sauti."

"Hatuwezi kumrudisha marehemu kabla ya kuamua kama marehemu anarudishika. Ndilo tunalojadili."

Mama Pindo akamgeukia Mchungaji. Mchungaji alikuwa ameinamia lile shati, anafuata mshono mmoja kwa kidole.

"Mchungaji, ulisema hata mmoja."

"Nilisema, Mama. Na ninaamini."

"Basi huyu hapa ndiye mmoja."

 Mchungaji akamjibu kwa sauti ya chini, na aibu ilikuwa wazi usoni pake. Alisema akimpokea kinyozi kwa njia ya mkato, watu watasema fundisho lake limekuja kuvunja kanisa, na litakaloumia ni fundisho lenyewe. Avumilie. Hoja ikishinda, wataingia wote, na kinyozi atakuwa ndani yao.

Mama Pindo akakaa sakafuni kwenye nta. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huu ulimtoka bila mpangilio. Akaomba basi atengwe yeye, wabadilishane, yeye amezoea joto la pasi. Wazee wakamwinua kwa heshima, wakamweleza kwamba haiwezekani, kwa sababu hana kosa. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Huyu alikuwepo, kila mtu alimwona, na lake bado halikuwepo. Baraza likaahirishwa. Lakini wazee si watu wabaya, wakaafikiana kwamba kinyozi aruhusiwe kuja kila Jumapili na kusimama pale mbele, chini ya ngazi, ili siku suala likiamuliwa wasipoteze wakati kumtafuta. Kule aliko wakamkubalia pia. Wakasema hiyo ni saa ya ziada.

Jumapili ya kwanza alipotoka, mbao za sakafu zilikuwa na nyayo zake nyeusi. Jumapili iliyofuata Mwenyekiti akaleta bati kutoka dukani kwake, likalazwa pale anaposimama. Halikumgharimu mtu senti, na waumini wakampigia makofi. Kwaya ilisogea kidogo kwa ajili ya moshi. Baridi ilipoingia, wazee wenye magoti mabovu walianza kugombea benchi la mbele, kwa sababu palikuwa na joto zuri la wastani, na wakawa wanamshukuru kinyozi wakipita. Watoto walifundishwa wasimguse.

Mchungaji alihubiri vizuri kuliko zamani. Alihubiri habari za Mungu asiyechoka kutafuta, anayeacha taa inawaka na mlango haujatiwa komeo, na hata waliokuwa upande wa Mwenyekiti walipangusa macho. Kinyozi naye alilia, ila machozi yake yalikauka kabla ya kufika kidevuni. Alisema amina pamoja na watu. Kisha zikasomwa matangazo, ya harusi, ya usafi wa uwanja, ya miwani iliyookotwa, na mwishoni Mwenyekiti akasimama, akatazama saa yake.

"Kwa sababu ya muda," alianza, na watu wote wakawa wamekwisha kuchukua vitabu vyao vya nyimbo.

Mama Pindo alikaa benchi la pili, pembeni, sindano imekwisha kutiwa uzi. Alijifunza kushona mtu akiwa amesimama. Watu wakitoka alimfuata mwanawe pale kwenye bati, akamshika mkono wa shati na kumtia kiraka hapo hapo, huku anamlaumu kwa sauti ndogo kwamba hajui kutunza nguo. Mwenyekiti alipita, akamshika Mama Pindo bega, akamwambia avumilie, Jumapili ijayo. Alimaanisha. Kinyozi alimwangalia alipokuwa anatoka.

"Anayemnyoa siku hizi anamwonea," akasema. "Upande wa kushoto ndevu zimezidi. Wangeniruhusu ningezisawazisha."

"Nyamaza," mama yake akasema, "usinikoseshe mshono."

Bati lile lilidumu mpaka majira ya mvua, kisha likatoboka pale penye visigino. Mwenyekiti hakungoja kuambiwa. Alileta jingine siku hiyo hiyo, akapiga magoti mwenyewe kulilaza vizuri, na safari hii alikuwa amechagua la geji nene. Mama Pindo akainama, akalishika ukingoni kati ya kidole gumba na cha shahada kama apimavyo kitambaa. Akaona ni zito. Akaona hilo litakaa miaka.