Makochi Yaliyomngoja Fundi

Kila asubuhi, chai ikiwa bado inafuka juu ya meza ya kazi, fundi makochi aliimba vipimo. Hayakuwa madoido. Cherehani ya mkewe ilipiga kelele kama inasaga kokoto, na zamani maneno ya kawaida yalizama humo, vitambaa vya watu vikakatwa vifupi. Fundi akagundua kwamba wimbo hupenya pale neno linaposhindwa.

"Mgongo, sitini na mbili eee," angeimba akiwa amepiga magoti kando ya fremu.

"Sitini na mbili nimeipata," mkewe angeitikia, mguu ukiwa juu ya kanyagio.

Na binti yao, aliyeshika ncha ya pili ya futi, angejaza katikati kwa sauti nyembamba huku akiandika kwa chaki juu ya mbao: "Sitini na mbili naiandika." Kisha angevaa viatu aende shule. Muuza mkaa wa jirani alizoea kusema makochi ya pale hayahitaji redio, yanatoka yakiwa yameshaimbiwa.

Asubuhi moja fundi aliimba, "Mkono wa kushoto, hamsini na tano eee," asijibiwe. Cherehani iliendelea kusaga. Aliimba tena. Binti alikuwa ameshafungua kinywa, akabaki hivyo, kwa maana zamu yake huja baada ya mama, na mama hakuja.

"Mwambie baba yako nimesikia," mama akasema bila kuinua macho.

Baba alikuwa karibu naye kiasi cha kuweza kumgusa kwa futi.

Binti akageuka. "Baba, mama amesikia."

"Mwambie asante," baba akasema, akachukua nyundo.

Kuanzia siku hiyo nyumba nzima ilipita kinywani mwa msichana ambaye shuleni, na hata nyumbani, walimwita Pamba, kwa kuwa sauti yake ilikuwa kama imeshonewa ndani ya mto. Usiku alisikia ugomvi ukutani, maneno yakija vipande vipande, na jina la mwanamke asiyemjua. Mchana alibeba salamu. Mama akisema, "Mwambie baba yako sponji amezitupa mlangoni kama mwehu," Pamba alisema, "Baba, mama anaomba uzisogeze sponji." Baba akisema, "Mwambie mama yako ulimi wake ndio ulionichosha, si kazi," Pamba alisema, "Baba amechoka." Watu wengine wakipeleka habari hutia chumvi. Yeye aliitoa. Alidhani akiitoa yote, siku moja chakula kitalika.

Kisha ikaja siku ya kochi la daktari wa meno. Baba alikuwa anavuta mikanda ya mpira chini ya kiti, mishipa ya shingo imemtoka, mama akiwa nyuma ya nyumba anaanua nguo. Hakumwangalia binti yake alipozungumza.

"Pamba. Mwambie mama yako nikimaliza hili kochi naondoka. Nimepata kwingine, na mtu mwingine. Asiningoje."

Pamba alikwenda nyuma ya nyumba, akasimama mbele ya kamba ya nguo.

"Baba anasema akimaliza kochi la daktari atasafiri."

"Atasafiri kwenda wapi?"

"Amepata kazi. Mahali."

"Ya muda gani?"

"Hakusema."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Mama alilikunja shati la mumewe taratibu, akalilaza juu ya kifua chake kana kwamba analipima.

"Kazi si jambo baya," akasema. "Huenda tukipumzishana kidogo, hasira zitapoa. Mwambie asisahau koti. Huko huenda kukawa na baridi."

Pamba akarudi karakana. "Mama anasema usisahau koti."

Nyundo ilining'inia hewani. Baba alimtazama, macho yakamlegea kwa namna ambayo Pamba hakuwahi kuiona. "Basi ameelewa," akasema. "Mama yako ni mtu mzima."

Hivyo ndivyo watu wawili walivyoagana bila mmoja kujua kwamba wanaagana. Baba aliondoka na koti mkononi siku ya jua kali, na mama akamsindikiza kwa macho hadi kona.

Wateja walipokuja, mama aliwaambia, "Fundi amesafiri kikazi. Acheni tu kochi, atalikuta." Wakaacha. Aliyapokea makochi yaliyochakaa, akayavua vitambaa vyake vya zamani, akashona vipya vizuri kuliko alivyowahi kushona, akavikunja juu ya rafu. Chini yake makochi yalibaki uchi, springi zikiwa nje, yakingoja mikono ambayo Pamba peke yake ndiye aliyejua haiji. Mama akipiga simu na isipokelewe, alisema, "Mtandao wa huko nao." Karakana ikajaa hata ikawabidi kupita kiubavu.

Mara nyingi Pamba alikaza moyo aseme. Kila mara alikuta uso wa mama una tumaini, naye akalifuata.

Alijiunga na kwaya ya shule kwa sababu moja tu: mazoezi yalimchelewesha kufika nyumbani. Mwalimu wa muziki, mwanamke mnene aliyefunga miwani yake kwa uzi wa viatu, alimweka sauti ya pili, kando ya msichana mmoja wa sauti ya kwanza aliyeitwa Tarumbeta kwa sababu zinazoeleweka.

"Simameni," mwalimu akasema siku moja katikati ya wimbo. "Pamba, nani kakutuma huko?"

"Wapi, mwalimu?"

"Huko shimoni. Tarumbeta kashuka, nawe umemfuata kama mkia."

"Mimi sijashuka, mwalimu," Tarumbeta akasema. "Kinanda ndicho kilichopanda."

Darasa likacheka. Hata mwalimu alicheka, lakini baada ya mazoezi alimwita Pamba kando ya kinanda.

"Unamsikia mwenzako akikosea?"

"Namsikia."

"Kabla yangu?"

Pamba akatazama viatu vyake. "Kabla yako, mwalimu. Samahani."

"Usiniombe samahani kwa kuwa na masikio. Sasa kwa nini unamfuata?"

"Ili asionekane amekosea."

Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa upindo wa gauni lake, na haikuwa michafu. "Una huruma, mwanangu. Lakini ukimfuata aliyepotea, mnakuwa wawili mliopotea, na mnatuvuta sote. Simama palipo pako. Atakusikia, atarudi. Asiporudi, basi angalau atajua yuko wapi."

"Na akinikasirikia?"

"Atakukasirikia. Tarumbeta atakununia hadi chakula cha mchana, halafu atakuomba umgawie karanga. Haya, imba. Mimi nitakosea makusudi."

Na kweli mwalimu aliimba hovyo, akapanda na kushuka kama mlevi ngazini. Mara ya kwanza Pamba alimfuata. Mara ya pili akamfuata nusu. Kisha akafumba macho, akaishika noti yake moja, na ikakaa. Ilitetemeka lakini ikakaa. Alisikia sauti ikimrudia kutoka ukuta wa nyuma, akafumbua macho kuona ni nani aliyeingia. Hakukuwa na mtu. Alikuwa yeye.

Alirudi nyumbani akiimba njia nzima, si kwa nguvu, ila bila kujificha. Muuza mkaa aliinua kichwa. "Kumbe unayo," akasema.

Siku ya tamasha la shule ukumbi ulijaa wazazi tangu mchana. Pamba alichungulia kutoka nyuma ya pazia, akamwona mama safu ya pili amevaa gauni la bluu aliloshona mwenyewe. Kiti cha pembeni yake kilikuwa na mkoba juu yake. Mwanamume mmoja aliinama kuuliza kama kina mtu. Mama akatabasamu akajibu, na Pamba, aliyejua kuisoma midomo ile kupita kelele zote za cherehani, aliona neno lenyewe: *anakuja*.

Kumbe mama alimwandikia baba ujumbe. Kamwalika.

Katikati ya wimbo Tarumbeta aliingiwa na woga akaanza kushuka, na wawili nyuma yake wakaporomoka naye. Pamba aliuhisi mvuto ule anaoujua vizuri, wa kwenda nao awafunike. Hakwenda. Aliishika noti yake, akaipa pumzi yote aliyokuwa nayo, na kwa kitambo kirefu alikuwa peke yake mahali pale, akisikika na ukumbi mzima. Kisha Tarumbeta akamsikia. Akapanda taratibu, akarudi, na wengine wakarudi naye. Watu walisimama kupiga makofi. Safu ya pili kilibaki kiti kimoja chenye mkoba.

Watu walipoanza kutoka ukumbini, mama alimkumbatia kwa nguvu, akilia na kucheka.

"Nilikusikia. Mwanangu, nilikusikia wewe peke yako. Sikujua una sauti vile." Akajifuta. "Baba yako atajuta. Atakuwa amekwama njiani. Usimhesabie, eh? Akirudi utamwimbia, nami nitamwambia ulivyo..."

Mhudumu wa shule alikuwa anakusanya viti. Alifika kwao, akanyoosha mkono kwa kile chenye mkoba, na mama akakizuia kwa kiganja. "Hiki kiache kidogo, baba. Kuna mtu."

Mhudumu akasubiri. Pamba akamtazama mama: lile tumaini lilikuwa pale pale, limepakwa poda. Akahisi sauti yake ikianza kushuka kulifuata.

"Mama," akasema.

"Mm?"

"Siku ile ya kamba ya nguo. Sikukwambia alivyosema."

Mkono wa mama haukuondoka kwenye kiti, lakini vidole vilikaza. "Alisemaje?"

"Alisema, 'Mwambie mama yako nikimaliza hili kochi naondoka. Nimepata kwingine, na mtu mwingine. Asiningoje.'" Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti haikuondoka mahali pake. "Safari niliitunga mimi. Niliogopa utalia. Usimwekee kiti, mama. Harudi."