Mkono wa Amani

Jumapili ya kwanza ya Juni, saa nne na nusu asubuhi, wazee wa kanisa dogo la mlimani, juu ya Isansa, walimwita Tabita mbele ili wampatanishe na shemeji yake, Watson. Kwaya ilikuwa imeshakaa. Mkate na divai vilikuwa mezani, vimefunikwa kitambaa cheupe.

Shauri lilikuwa la shamba. Mume wa Tabita alipofariki, Watson aling'oa masale ya mpaka akayapanda upya karibu na jiko la mjane, mibuni yote ikabaki upande wake. Tangu siku hiyo Tabita hakumsalimia. Wazee waliamua kwamba ana kinyongo, na mwenye kinyongo hashiriki Meza ya Bwana. Alikuwa ameikosa miaka miwili, na hilo lilimuuma kuliko shamba. Sisi watu wa huku ndivyo tulivyo: aliyeporwa akinyamaza, tunasema pana amani.

Mzee Rubeni, aliyesimamia upatanisho, aliujua mpaka. Aliupima yeye mwenyewe pamoja na marehemu, akiwa ameshika ncha moja ya kamba. Lakini mabati ya kanisa alikuwa ametoa Watson, na Rubeni alitaka mambo yaishe vizuri. Akachukua mkono wa kulia wa Tabita, akauweka katika mkono wa Watson. Mchungaji akaomba, watu wakaitikia Amina.

Tabita alipotaka kurudi kwenye benchi, mkono haukutoka. Walivuta kidogo. Mama mmoja alileta mafuta ya kula, mwingine sabuni. Ngozi ya kiganja chake ilikuwa imeendelea moja kwa moja hadi kuwa ya Watson. Mchungaji alitazama saa, akasema ibada iendelee. Tabita alipokea mkate kwa mkono wa kushoto, akalia, kwa sababu alikuwa ameutamani sana.

Basi, wakaishi hivyo. Mke wa Watson alitoboa ukuta kati ya vyumba viwili ili mkono upite na watu walale kwa heshima. Kahawa ilikuwa imeiva, wakaichuma pamoja, kila mmoja kwa mkono mmoja, kwenye mibuni aliyoipanda Tabita mwenyewe. Ndoo zilikuwa za Watson. Waumini walikuja hadi kutoka Mkwajuni, wakatazama, wakasifu upatanisho.

Mara moja tu mkono ulilegea. Rubeni alipita shambani mwezi wa Julai, akasimama mahali ulipokuwa mpaka wa zamani.

"Kamba ilipita hapa," alisema, "ikashuka mpaka..."

Vidole vinne vya Tabita vikaachia. Watson akamtazama mzee.

"Malizia, mzee," Tabita alimwambia taratibu.

Rubeni alisema anawahi nyumbani kabla ya mvua. Mbingu ilikuwa nyeupe, na mvua huku hainyeshi Julai. Vidole vikafunga tena. Kwa hiyo mzee alijua dawa ni nini, na anajuta hadi leo kwamba alijua.

Septemba, kahawa ilipokwisha, Tabita alitoka mapema na begi begani. Mkono wa kulia wa gauni alikuwa ameukunja na kuufunga kwa pini. Hapakuwa na damu.

"Amani mliyoitaka ni hiyo, nimewaachia," alimwambia mke wa Watson. "Mimi nakwenda kwa Gloria."

Gloria ni binti yake, ameolewa Mkwajuni. Bodaboda alimchukua kwa nauli ya kawaida.

Mkono ulibaki kwa Watson, umeshika wake. Huuosha pamoja na wake, na mkewe huukata kucha. Kanisani, watu wanapopeana amani, huinua yote miwili, na waumini wameshazoea kugusa popote.

Rubeni hukaa mwisho wa benchi. Watson akimfikia, ule mkono wa Tabita humwachia kidogo na kumshika mzee. Kidole gumba bado kina weusi wa utomvu wa kahawa. Hubana, husubiri. Rubeni husema, "Amani iwe nawe," halafu hukaa kimya mpaka uchoke na kurudi ulikotoka.

Masale ya karibu na jiko la Tabita yamekuwa marefu. Mwaka huu Watson ameyapunguza urefu.