Barabara Itapita Kwetu

Bwana Whitcomb, mtaalamu wa uchumi, alikuja Cotter's Bend na suti kali na michoro ya rangi. Akatukusanya kwenye ukumbi wa kanisa, akatwambia barabara kuu mpya ya majimbo ikijengwa, malori elfu tisa yatapita kwetu kila siku. Elfu tisa! Kimji chenyewe kina watu mia sita na taa moja ya kuongozea magari. Mungu atupe nini tena?

"Na kila dereva ana tumbo," akasema.

Mume wangu Odell akaniminya mkono. Tuna mgahawa palepale kwenye taa, aliouanzisha marehemu mama yangu. Watu wakisimamishwa na taa nyekundu wanaona pai zangu za njugu za pekani dirishani, wanaegesha. Biashara yetu yote ni taa nyekundu na uroho wa watu.

"Verlene, tumeula!" akaninong'oneza. Na huyu ni mwanamume anayecheka mara mbili kwa mwaka.

Odell akawaachia wajenzi wa barabara shamba letu la mipekani kwa bei ya kutupa, barabara isije ikachukuliwa na wale wa mji jirani wa Pruitt. Akamwaga lami nyuma ya mgahawa, akachora maegesho kumi na mawili ya malori, kila moja na namba yake. Siku ya ufunguzi nikaoka pai sitini.

Malori yakapita kweli, sikatai. Yakapita, yakapita, juu kule kwenye tuta, nyuma ya uzio wa waya. Dereva mmoja alitupungia mkono, Mungu ambariki. Pa kutokea? Maili kumi na nne mbele, Pruitt.

Nikampigia simu mtaalamu wetu. "Whitcomb, baba, mbona hamkutuwekea mchepuko?"

Odell akadakia pembeni, "Miaka thelathini unanikataza mchepuko, leo unautafuta wewe!" Lakini hakucheka.

"Bi Stroud, mliomba barabara ipite," Whitcomb akasema. "Kwani haipiti?"

"Na ile faida uliyotuhubiria?"

"Ipo! Ukurasa wa arobaini. Kila msafiri anaokoa dakika sita."

"Anaziokolea wapi?"

Akakohoa. "Hapo kwenu. Kwenye taa."

Kumbe hasara yenyewe ni sisi! Nikakata simu, nikalia, wala sioni haya kusema.

Jana tumefunga mgahawa wa mama. Asubuhi hii nimemkuta Odell nyuma, kaegesha kigari chake kwenye namba saba. Juzi alikuwa namba sita. Nimempelekea kahawa na kipande cha mwisho cha pai, nikamgongea kioo.

"Karibu, mgeni. Tukuandalie na chakula?"

Akapokea kahawa, akautazama uzio.

"Asante, mama," akasema. "Mimi napita tu."