Zege Bado Bichi

Kaka yangu hajawahi kutoa kitu bila kujua kitarudi vipi. Nasema mapema msije mkanishangaa. Kwa hiyo siku alipoegesha gari mbele ya nyumba ya baba, akatangaza kwamba anataka kuizungushia nyumba nzima njia ya zege, na bustani aiwekee mawe ya ukingo, mimi sikupiga vigelegele. Nilimtazama tu, beseni la nguo mkononi, nikisubiri mkia wa hilo jambo.

Aliyefurahi ni baba. Baba alikuwa fundi mwashi maisha yake yote, mpaka magoti yalipomgomea. Aliwajengea watu njia na kingo mitaa yote hii, lakini kwake kukabaki udongo mtupu, ambao mvua ikinyesha unageuka uji. Mama aliisubiri njia yake mpaka akaingia kaburini. Kila alipoulizia alijibiwa, "Nikimaliza ya watu naanza ya kwetu," na ya watu haikwisha. Mganga hajigangi.

"Mwanangu amenikumbuka," baba aliniambia huku akilitafuta ovaroli lake la zamani chini ya kitanda. "Na mimi nilikuwa nasema nimezaa hasara."

Mkia wa jambo niliuona jioni ileile, kwenye kamba ya nguo. Kaka alinifuata, akahakikisha baba yuko ndani, ndipo akasema. Nyumba inauzwa. Dalali keshapata mtu, na mtu mwenyewe ameipenda ila hapendi tope. Njia zikiwa tayari atakuja kuangalia mara ya mwisho, kisha basi.

"Na baba?"

"Atakuja kukaa kwangu. Kuna chumba cha nyuma."

"Kile unachowekea matairi?"

"Matairi yatatoka."

"Na mimi?"

"Wewe ni mtu mzima," alisema, kama vile utu uzima ni nyumba.

Nyumba ilikuwa kwa jina lake. Baba mwenyewe alimwandikisha kaka wakati mama alipougua, akisema mtoto wa kwanza ndiye mlinzi wa mji. Mlinzi ndiye huyo. Mimi nilirudi nyumbani baada ya ndoa kunishinda, na kwetu aliyeachika ana kiti kwenye kikao lakini hana sauti. Hata hivyo nilimwambia kwamba mambo kama haya mtoto humwambia mzazi kwa mdomo wake mwenyewe. Akanijibu nisimwambie mzee kitu, atamwambia yeye wakati ukifika. "Mwache afurahi kwanza," akasema. Nilimchukia, na sioni sababu ya kutafuta neno la upole zaidi.

Kazi ilianza. Fundi aliyeletwa alikuwa mtu wa makamo anayeitwa Chapuchapu, na jina lilikuwa la kejeli, maana alikuwa mzito kama nanga. Zamani alikuwa akimbebea baba zege, hivyo alipomwona anatoka na ovaroli, pimamaji kwapani, aliweka mwiko chini, akampa shikamoo kwa mikono miwili, na kuanzia hapo usukani ukawa wa baba.

Sijui kama niliwahi kumwona baba ana furaha vile. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, fimbo yake ikaacha kuwa ya kutembelea, ikawa ya kuonyeshea. Uzi uvutwe, vigingi vihamishwe, kokoto zishindiliwe kabla zege halijamwagwa, mteremko uachwe upande wa nje. "Maji yaikimbie nyumba, yasiikimbilie!" alikuwa akipiga kelele. Kibarua mmoja alipanga mawe ya ukingo moja juu, moja chini, baba akamwita. "Kijana, hizo ni kingo au meno yangu?" Vibarua walicheka mpaka sepetu zikawadondoka. Mimi nilikuwa dirishani, nikacheka nao, kisha nikakumbuka, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Siku ya tatu hivi baba alichukua kigingi, akajikongoja mpaka nyuma ya nyumba, akakipigilia mbele ya mlango wa chumba chake. Alitaka njia itoke pale mpaka bafuni. Choo na bafu letu viko nje, na hapo katikati ndipo alipoanguka msimu wa mvua uliopita, akakaa chini kwenye tope akiniita mpaka nikasikia. Kaka alipokuja kukagua, alikiona kile kigingi, akaking'oa.

"Huku hapana, baba. Huku hakuonekani."

"Hakuonekani na nani?" baba aliuliza.

Kaka akasema, "Na watu," akajitia kupokea simu.

Baba alikiokota kigingi chake, akakifuta udongo kwa kiganja, akakitia mfukoni. Siku ile hakupiga kelele tena. Chapuchapu alimuuliza jambo kuhusu kona ya mbele, baba akamwambia fanya uonavyo.

Zege lilimwagwa, likalainishwa, likafunikwa magunia. Hapo sasa ndipo kazi ya kumwagilia inapoanza, na kwetu kumwagilia zege ni kama ibada. Asiyejua ufundi hudhani zege hukauka kama nguo. Baba alitufundisha tangu wadogo kwamba zege likikauka haraka linapasuka, kwamba linatakiwa linyweshwe maji polepole mpaka likomae. Asubuhi, mchana na jioni alitoka na mpira wa maji, akayalowesha magunia hatua kwa hatua, kuzunguka nyumba nzima.

Nilimkuta hivyo alasiri moja, na moyo ukanishinda. Nikasema, "Baba, nyumba inauzwa."

Hakuusogeza mpira. "Najua."

"Nani kakwambia?"

"Mtu akikutengenezea njia hukuuliza unakwenda wapi. Yule hakuniuliza." Alihamia gunia lingine. "Huyo mteja wake anakuja lini?"

"Zege likikomaa. Kaka hataki lije likaharibiwa na viatu vya watu."

"Basi tumwagilie," baba alisema.

Nilidhani ana mpango wa kupigania nyumba, nikamwambia tuite wazee, tuite shangazi. Alitikisa kichwa. "Nyumba nilimpa kwa mkono wangu, siwezi kumpokonya. Ila aje akae hapa mbele yangu, aseme, baba, nimeamua kuuza. Akisema hivyo kwa mdomo wake natoka siku hiyohiyo, sina neno. Asiposema, sitoki. Mimi si kabati, nihamishwe bila kuambiwa." Nikaona kwamba zaidi ya hasira, ameumia vibaya sana.

Tangu hapo zege la nyumba yetu likakataa kukomaa. Kaka akipiga simu, baba anasema bado bichi. Akija mwenyewe, baba anamwonyesha magunia yanayotiririka maji. "Bado bichi, mwanangu. Hewa ya siku hizi ni nzito." Mtu mwingine yeyote angelikanyaga akaona ni gumu kama jiwe. Lakini sisi ni watoto wa mwashi. Kwetu ungeweza kutukana ukasamehewa, ila ukikanyaga sakafu mbichi ya mteja, hiyo ilikuwa fimbo na kulala bila hadithi. Kaka ana ofisi, ana watu wanaosimama akiingia, na bado alikuwa akiivuka ile njia kwa kuruka, suruali ameivuta juu kwa vidole, kama anavuka mto. Nilikuwa nacheka nyuma ya pazia. Alimpigia Chapuchapu kuuliza, naye akamjibu, "Mzee akisema bado, ni bado." Chapuchapu hakuwa mjinga.

Kila kaka alipokuja, baba alimvutia kiti kivulini. Alimpa nafasi. Aliniagiza nilete maji ya kunywa, halafu akaniangalia kwa jicho la kunifukuza, wabaki wawili. Mimi nasikiliza jikoni. Kaka anazungumzia foleni za mjini, watoto, bei ya mafuta ya gari, hata mpira. Baba anaitikia, anasubiri. Kisha kaka anaaga, anaruka njia, anaondoka. Baba anabaki anakitazama kile kiti.

"Leo alikaribia," aliniambia mara moja. Nilitamani kumwambia asijidanganye, lakini nikakibeba kiti nikakirudisha ndani.

Mwishowe mteja akachoka kungoja. Kaka alinipigia asubuhi, sauti ya haraka haraka, akaniamuru nimpeleke baba kwa shangazi akashinde huko. Nilimfikishia baba ujumbe kama ulivyo. "Na zege amwagilie nani?" alisema, akavaa ovaroli.

Walifika jua likiwa limeshakolea. Mteja alikuwa mtu wa bashasha, mnene kidogo, mwenye sauti ya kuchangamsha, na sitamsingizia ubaya. Kaka alishuka nyuma yake, akamwona baba amesimama kwenye kona na mpira wa maji, viatu vimelowa, kofia imefunika macho. Akabadilika rangi.

Mteja alinipa mkono, akaushika wangu kwa mikono yake yote miwili. "Poleni sana na msiba wa mzee wenu, dada. Kaka yako alinieleza. Nyumba za wazee hawa zina baraka, ndiyo maana nikaing'ang'ania hii."

Kwanza sikuelewa. Nilidhani kuna msiba ambao sijapewa habari zake. Kisha nikamtazama kaka, naye alikuwa anatazama paa, nikaelewa kila kitu. Hakuna anayetaka kununua nyumba yenye mzee ndani yake, mzee anayeweza kukaa mlangoni akasema sitoki. Kwa hiyo kaka alikuwa ameshamzika.

Baba alisikia. Masikio yake ni mazuri kuliko yangu. Maji yaliendelea kutoka kwenye mpira, yakijaa mahali pamoja, yakianza kumwagika kwenye maua.

"Kazi safi hii," mteja alisema, akaenda mpaka ukingoni mwa njia. "Tena kumbe bado inamwagiliwa. Fundi! Za kazi? Hili zege linakanyagika?"

Baba aliinua kofia, akamtazama kaka. Hakumtazama kwa ukali, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alimtazama kama alivyokuwa akimtazama pale kivulini, kwenye kile kiti. Neno moja tu lilitakiwa. Hata lingekuwa la uongo, hata angesema huyu ni baba yetu mdogo, tungelilifanyia kazi. Nilifungua mdomo nimsemee.

"Mjibu mteja, fundi," kaka alisema.

Baba aliufuata mpira mpaka kwenye bomba, akafunga. Akarudi taratibu, akaondoa gunia la kwanza, zege likaonekana, jeupe, limenyooka, halina hata ufa.

"Linakanyagika, bosi," alisema. "Pita tu."

Mteja akapita. Alipiga kisigino hapa na pale, akasifu kingo, akasifu kona, akazunguka mbele na pembeni akarudi ana furaha. Kaka alibaki kwenye udongo. Mimi nililia waziwazi, na yule bwana, akidhani nimekumbuka marehemu, aliniambia nijikaze, ndiyo dunia. Kisha akamgeukia baba kwa heshima, maana alikuwa mtu mwenye adabu.

"Wewe fundi ni mtu wa zamani hapa. Bila shaka mzee mwenye nyumba ulimfahamu."

"Nilimfahamu sana," baba alisema. "Tulikuwa tukifanya kazi pamoja."

"Alikuwa mtu mzuri?"

"Alikuwa mtu wa kawaida. Aliacha mtoto mmoja, huyu wa kike."

Mteja alicheka kidogo, akamtazama kaka, akamtazama tena baba. "Na huyu bwana je?"

"Huyu ndiye aliyeniita kazini, bosi," baba alisema, akainama kukusanya magunia. "Kwao sipajui."